Mafuta yasipotengwa, nyama kavu itakosa soko

MTEJA anayefungua pakiti ya nyama kavu na kukumbana na harufu ya mafuta yaliyochacha ni nadra kurudi dukani kudai pesa zake. Huitupa pakiti hiyo na hanunui nyingine. Hasara ya aina hii haiandikwi katika daftari la muuzaji, lakini ndiyo inayoua biashara changa kabla haijasimama.

Hili ni jambo linalostahili kuzingatiwa na kila anayetaka kuona wafugaji wakinufaika na mifugo yao. Katika kaunti za Isiolo, Marsabit, Garissa, Wajir na Mandera, nyama ya kukausha si kitu kigeni. Kina mama wa jamii za wafugaji wametengeneza nyirinyiri tangu jadi, na wapo ambao sasa huiuza ikiwa imepakiwa kwenye makopo. Mijini nako kuna wanaotengeneza biltongi, nyama kavu yenye asili yake Afrika Kusini, na kuiuza kama kitafunio cha safarini au cha kusindikiza kinywaji.

Watengenezaji wengi hujitahidi kuhusu chumvi, viungo na urembo wa pakiti. Kuhusu mafuta, huachia bahati. Ilhali ni mafuta yanayoamua iwapo nyama hiyo itakaa dukani miezi au itaharibika kabla haijauzwa.

Ili kulielewa jambo hili, ni vyema kuanza na maji. Takriban robo tatu ya uzani wa mnofu ni maji. Mtu anapokausha nyama huyaondoa maji hayo ili bakteria na kuvu wakose pa kuishi. Mafuta hayako hivyo. Yana maji kidogo sana, kwa hiyo hayakauki. Hubaki vilevile yalivyokuwa, huku mnofu ulioyazunguka ukisinyaa.

Chukua mfano wa mtengenezaji mwenye kilo kumi za nyama, tisa zikiwa mnofu na moja ikiwa mafuta. Mnofu ule ukikaushwa vizuri unaweza kubaki kilo tatu hivi. Yale mafuta yatapungua kidogo tu. Nyama iliyoanza na sehemu moja ya mafuta kati ya kumi itafika kwenye pakiti ikiwa na zaidi ya sehemu moja kati ya tano. Mteja aliyedhani ananunua mnofu mtupu anauziwa kitu kingine.

Hapo ndipo kishawishi kilipo. Mafuta yakiachwa, uzani huongezeka, na anayeuza kwa kilo hupata shilingi za haraka. Lakini faida hiyo ni ya siku ya kwanza tu. Mafuta yaliyo wazi hukutana na oksijeni ya hewani, na joto pamoja na mwanga wa jua huharakisha uharibifu wake. Madini ya chuma yaliyomo katika nyama yenyewe huchochea jambo hilo hilo. Baada ya muda mafuta hugeuka rangi, hutoa harufu kali na kuacha ukakasi mdomoni.

Baadhi ya wauzaji hudhani kuwa kuongeza chumvi kutawaokoa. Huko ni kujidanganya. Chumvi huzuia bakteria, lakini haizuii mafuta kuchacha. Inaweza hata kuyaharakisha. Nyama inaweza kuwa kavu, yenye chumvi ya kutosha na isiyo na bakteria wa hatari, na bado isilike.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana kwa macho. Utando wa mafuta juu ya kipande cha nyama huzuia maji yaliyo chini yake kutoka. Kipande huonekana kikavu kwa nje, ilhali ndani kuna sehemu yenye unyevu. Kikishapakiwa, unyevu huo husambaa na kuvu huanza kuota. Ndiyo sababu Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), katika mwongozo wake wa mwaka 1990 kuhusu njia rahisi za kuhifadhi nyama, lilihimiza matumizi ya nyama isiyo na mafuta mengi, iliyokatwa vipande vyembamba vinavyolingana.

Hata hivyo, itakuwa makosa kuhitimisha kwamba mafuta ni adui wa nyama kavu kila mahali. Nyirinyiri yenyewe ni ushahidi kwamba mafuta yakitumiwa kwa ujuzi huwa mlinzi.

Nyama ya ngamia au ng'ombe hukatwa vipande virefu na kuanikwa. Ikishapungua maji, hukatwa vipande vidogo na kukaangwa katika mafuta mpaka unyevu uliosalia utoke. Kisha huhifadhiwa chomboni ikiwa imezama katika mafuta hayo. Yakipoa huganda na kuwa kifuniko kinachozuia hewa kuifikia nyama. Wasomali huiita pia muqmad, na ni chakula cha heshima katika harusi zao.

Ujuzi kama huo haukuwa wa Afrika Mashariki peke yake. Wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini walikausha nyama ya nyati wa huko, wakaitwanga na kuichanganya na mafuta yaliyoyeyushwa. Chakula hicho, pemikani, kilitegemewa sana na wafanyabiashara wa ngozi katika karne za 18 na 19 kwa sababu kilibebeka na kukaa muda mrefu bila kuharibika.

Tofauti basi iko katika namna mafuta yanavyotumiwa. Yaliyoachwa mbichi kwenye kipande cha nyama, yakiwa wazi kwa hewa na jua, huharibu. Yaliyoyeyushwa, yakachujwa, yakachemshwa mpaka maji yote yakatoka, kisha yakafunika nyama iliyokauka sawasawa, huhifadhi. Mafuta ya ng'ombe, kondoo na mbuzi yana nafuu kwa kazi hii kwa kuwa huganda katika joto la kawaida na huchelewa kuchacha yakilinganishwa na mafuta ya kuku au samaki.

Onyo moja halina budi kutolewa. Kifuniko cha mafuta hakiponyi nyama isiyokauka. Kinapoizuia hewa, hutengeneza mazingira yanayopendwa na bakteria wanaostawi bila hewa, wakiwemo wale wanaotoa sumu ya botulizimu inayoweza kuua. Bakteria hao hushindwa pale tu maji yanapokuwa yamepungua vya kutosha. Anayekimbilia kufunika nyama na mafuta ikiwa bado ina unyevu ili kupata uzani anahatarisha maisha ya watu.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wafugaji kwa sababu ya ukame. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosa kutimia, na zaidi ya mifugo milioni mbili iliangamia humu nchini. Kabla ya kufa, mingi kati ya mifugo ya aina hiyo hufikishwa sokoni ikiwa imekonda, na wanunuzi hutoa bei ya kutupa wakisema haina nyama ya kupendeza.

Kwa bucha inayouza nyama ya kuchoma, sababu hiyo inaeleweka. Kwa mtengenezaji wa nyama kavu, haina msingi. Ng'ombe aliyepungua mafuta, mradi ni mzima na amekaguliwa na daktari wa mifugo, ana mnofu unaofaa kukaushwa kuliko yule aliyenona. Kinachohitajika ni mnyama huyo anunuliwe mapema akiwa bado na nguvu, apumzishwe na kunyweshwa maji kabla ya kuchinjwa, kwa maana nyama ya mnyama aliyechoka kupita kiasi huharibika upesi.

Serikali za kaunti na mashirika yanayonunua mifugo wakati wa ukame hazina budi kulitilia jambo hili maanani. Mpango wa kununua mifugo iliyokonda ungekuwa na manufaa zaidi kama ungeambatana na vituo vya kukaushia nyama karibu na wafugaji, badala ya kuisafirisha mifugo dhaifu mamia ya kilomita. Kilo tatu za mnofu zinazogeuka kuwa kilo moja ya nyama kavu ni nafuu kubwa ya usafiri katika maeneo yenye barabara mbovu na uhaba wa majokofu.

Mafuta yanayokatwa nayo yasitupwe. Nundu ya ngamia na mkia wa kondoo ni mali. Yakiyeyushwa na kuchujwa, mafuta hayo hutumika kupikia, kutengenezea sabuni, na kukaangia nyirinyiri. Kikundi kinachouza nyama kavu isiyo na mafuta katika pakiti moja, na nyirinyiri katika kopo lingine, kinapata wateja wawili kutoka kwa mnyama mmoja bila kumdanganya yeyote.

Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) nalo lina nafasi yake. Watengenezaji wadogo hawahitaji kuandamwa kwa faini kabla ya kufundishwa. Wanahitaji maelezo kwa lugha wanayoielewa: namna ya kupima ukavu, namna ya kujua mafuta yameanza kuharibika, na mara ngapi mafuta ya kukaangia yanaweza kutumiwa tena kabla ya kumwagwa. Pakiti nazo zioneshe kiasi cha mafuta, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho ya matumizi.

Wenye maduka wasijitoe katika lawama. Pakiti angavu inayoanikwa dirishani juani huchachisha mafuta hata kama mtengenezaji alifanya kazi yake ipasavyo. Nyama kavu iwekwe mahali penye kivuli na baridi, na iliyotangulia kuingia dukani itangulie kuuzwa.

Kuna wateja, hasa wapenzi wa biltongi, wanaotaka ukingo wa mafuta kwa ajili ya utamu wake. Hakuna ubaya kuwahudumia. Ila waelezwe wazi kwamba pakiti hiyo ni ya kuliwa mapema, na isichanganywe na ile iliyokusudiwa kukaa rafuni kwa miezi.

Mfugaji wa kaskazini hahitaji kufundishwa thamani ya nyama kavu. Jamii yake iliijua kabla ya majokofu kufika. Anachohitaji ni soko linaloamini bidhaa yake. Imani hiyo itajengwa pakiti kwa pakiti, na itaanza kwa kisu kinachotenga mnofu na mafuta kabla nyama haijaanikwa. Anayeacha mafuta yabaki ili mizani ipande leo asishangae kesho mteja akipita mbele ya duka bila kugeuka.