Kizunguzungu cha Kipandauso si "Mawazo Tu"

Mama anafika zahanati ameshikilia ukuta. Dunia inamzunguka, kichefuchefu kimembana, mwanga wa dirishani unamchoma macho. Anapimwa malaria, hana. Presha iko sawa. Anaambiwa, "Una mawazo mengi mama, nenda kapumzike." Anaondoka na panadol.

Inaudhi, kwa sababu ugonjwa huu unajulikana. Kipandauso si kichwa kuuma peke yake. Kwa wengine huvuruga sikio la ndani na sehemu za ubongo zinazotuwezesha kusimama bila kuyumba, na kizunguzungu huweza kuja siku ambayo kichwa hakiumi kabisa. Tangu mwaka 2012 mabingwa wa masikio na wa kichwa duniani wana vigezo vya pamoja vya kuutambua: vipindi visivyopungua 5, vya dakika 5 hadi saa 72, kwa mtu aliyewahi kuugua kipandauso, na angalau nusu yake viambatane na dalili kama kichwa kugonga au kuchukia mwanga na kelele. Mengi ya hayo mganga anayapata kwa kumuuliza mgonjwa vizuri.

Na hayo mawazo yapo kweli. Msongo huamsha kipandauso, sawa na kukosa usingizi, njaa au hedhi. Kizunguzungu nacho huzaa hofu, kwani ndani ya ubongo njia za usawa wa mwili zimeungana na zile za woga. Anayeogopa kuanguka hukaza shingo na miguu, hutembea akitazama chini, huacha kupanda daladala, huacha kwenda sokoni. Mwili uliokakamaa unazidi kuyumba. Mtu wa namna hiyo hatulii kwa kuambiwa atulie.

Tunataka zahanati ziulize habari za kipandauso kila mtu anapoleta kizunguzungu kinachojirudia. Propranolol, dawa ya siku nyingi na ya bei nafuu, imo katika orodha ya dawa muhimu ya WHO kwa kuzuia kipandauso, ingawa mwenye pumu hapewi. Mazoezi ya usawa wa mwili husaidia. Ushauri nasaha uende pamoja na tiba, usiwe badala yake. Ila kizunguzungu cha ghafla chenye ulimi mzito, mdomo kwenda upande au mkono kulegea huenda ni kiharusi: hospitali, saa hiyohiyo.

Waajiri nao wawaruhusu wagonjwa hawa kukaa pasipo mwanga mkali mpaka kipindi kipite, bila kuwakata mshahara.