Nusu Siku Murano: Darasa la Kioo kwa Mume na Mke



Wiki hii safu yetu ya matembezi ya wanandoa inavuka bahari hadi Murano, visiwa vidogo vilivyounganishwa kwa madaraja, karibu na mji wa Venice, Italia. Wapo miongoni mwetu wenye ndugu na watoto wanaoishi Ulaya, nao hutualika; wapo pia maharusi wanaojaliwa kusafiri baada ya nikaha. Aliyefika Venice hana haja ya siku nzima. Kutoka gati la Fondamente Nove, boti ya abiria humfikisha Murano kwa muda wa kama dakika 10.

Umaarufu wa Murano ni vyombo vya kioo. Mwaka 1291 watawala wa Venice waliamuru matanuri ya kioo yaondolewe mjini kwa kuchelea moto, na mafundi wakakusanyika Murano. Sanaa hiyo ilikuwa na walimu wake mashariki: mafundi wa Sham walisifika zamani kwa taa na bilauri zilizonakshiwa, na jivu la mimea la kuyeyushia mchanga lilisafirishwa kutoka huko hadi Venice. Baadaye biashara ikageuka upande. Mwaka 1569 waziri mkuu wa dola ya Uthmaniya, Sokollu Mehmed Pasha, aliagiza kutoka Venice taa 900 za misikiti.

Anzeni asubuhi, tena siku ya kazi, maana mafundi wengi hupumzika Jumamosi na Jumapili. Ingieni penye tanuri, mkae mtazame. Fundi huchovya ncha ya bomba refu la chuma katika kioo kilichoyeyuka, kizito kama asali. Hupuliza, akizungusha bomba pasi na kusita, kwani akisita kioo hulegea upande mmoja. Kazi ikiisha, chombo hakiachwi nje kipoe. Hutiwa katika tanuri la pili lenye joto la kadiri, lipunguzwe kidogo kidogo kwa saa nyingi. Kikipoa ghafla hupasuka. Pengine papo hapo, pengine siku kadhaa baadaye, hali kimetulia juu ya rafu na hapana aliyekigusa.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye darasa. Nyumba nyingi hustahimili moto wa ugomvi, zikaja kupasuka wakati wa kupoa. Mume aliyefoka usiku hutaka mkewe acheke asubuhi kana kwamba halikupita neno. Mke naye huenda akanyamaza siku tatu, chakula kikaandaliwa bila ya salamu. Wote wawili wamekitoa chombo nje kabla ya wakati wake. Tanuri la pili la ndoa ni maneno machache ya upole, kuombana radhi, na subira ya siku kadhaa mpaka moyo urudi mahali pake. Nasi tunayo riwaya katika Bukhari na Muslim, ya Mtume (S.A.W.) kumwambia Anjasha, aliyekuwa akiwaendesha ngamia kwa kuimba, apunguze mwendo kwa sababu ya vyombo vya kioo, akiwakusudia wanawake waliopanda.

Kisha nendeni kwenye jumba la makumbusho ya kioo, lililoanzishwa mwaka 1861. Humo mna kikombe cha harusi cha kioo cha buluu, kilichotengenezwa katika karne ya 15 na kuchorwa sura za bwana na bibi. Akina dada wamkumbuke pia Marietta Barovier, binti wa fundi mashuhuri Angelo Barovier, ambaye mwaka 1487 aliruhusiwa kuwa na tanuri lake mwenyewe dogo. Yeye ndiye anayenasibishwa na ushanga wenye matabaka ya rangi uliosafiri duniani kote. Shanga za Venice zilifika hata kwetu; katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kuelekea bara ilibeba mizigo yake.

Tahadhari ni chache. Jihadharini na wanaowaalika wageni kwa boti ya bure. Mara nyingi huishia dukani, penye kushurutishwa kununua. Mkitaka kununua, tafuteni alama ya Vetro Artistico Murano, inayothibitisha kuwa chombo kimetengenezwa huko. Kikombe kimoja kidogo mlichokichagua pamoja chatosha. Katika chakula, samaki wa kuchoma ni salama zaidi, ila ulizeni kwanza, kwa kuwa wali wa huko hupikwa mara nyingi kwa mvinyo. Na pangeni mwendo wenu kwa nyakati za sala.

Asiyejaliwa safari hiyo asijione amekosa. Gede i karibu nasi, na shanga za kioo zilizofukuliwa katika magofu yake zasimulia bahari ile ile. Waachieni watoto bibi yao, zimeni simu, mwende wawili. Ni lini mara ya mwisho mlikaa nusu siku pamoja pasipo mazungumzo ya karo, kodi na unga? Jibu likichelewa, basi safari imekwisha kuwa ya lazima.

Mwenyezi Mungu azitie nyumba zetu mapenzi na huruma. Wabillahi tawfiq.