Kabla ya Kuuliza Bei ya Simu, Uliza Ufunguo Anao Nani

Vijana wangu wa shamba, leo naweka pembeni kidogo ubwiri unga na kantangaze. Nataka tuongee kuhusu kifaa ambacho kila mmoja wenu anacho mfukoni, na ambacho msimu uliopita kilimtia hasara mmoja wetu kuliko ugonjwa wowote.

Mwezi Agosti, kijana mmoja wa upande wa Mpunguzi, mwenye ekari moja na nusu ya zabibu, aliamka asubuhi akakuta simu yake imejifunga. Ni simu janja aliyoichukua kwa mkopo, ile ya kulipa kidogo kidogo kila siku. Kioo kinamwambia alipe kwanza ndipo itafunguka. Deni lenyewe lilikuwa la siku 9, shilingi 1,100 kwa siku. Jumla shilingi 9,900. Hela yake ya mwisho alikuwa amewapa vibarua. Na zabibu ndiyo hivyo, zikiiva hazisubiri mtu atafute hela.

Najua mtauliza, si angechomoa laini akaiweka kwenye kitochi cha mama yake? Alifanya hivyo siku hiyohiyo. Lakini majina ya wanunuzi yalikuwa kwenye simu, siyo kwenye laini. Yule mnunuzi wa mjini waliyekubaliana naye kwa WhatsApp hakuwa na njia ya kumpata. Siku ya tatu akapita dalali, akachukua mzigo wote, kilo 1,800, kwa bei pungufu ya shilingi 300 kwa kila kilo. Piga hesabu mwenyewe: shilingi 540,000 zimekwenda kwa sababu ya deni la 9,900.

Nilipopata habari nilimlaumu. Nilisema hawa vijana nao, mtu unashindwaje shilingi elfu kumi? Usiku nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyekiita kikundi chao nikawaambia, "Chukueni hizo simu, tutakuwa tunatumiana picha za magonjwa ya mimea." Nilisoma bei ya kuanzia. Masharti ya kufungwa kwa simu sikuyasoma. Mtu aliyesomea kilimo miaka miwili, anayejua zabibu za Dodoma zinavunwa mara mbili tu kwa mwaka, amewashauri wakulima waingie kwenye deni linalodai kila siku! Kwa hiyo haya ninayoandika ni ushauri, lakini ni radhi pia.

Hoja yangu ni moja. Sisi ni hodari wa kuuliza bei. Tunapunguziwa mpaka muuzaji anachoka. Lakini hatuulizi ufunguo wa hicho kifaa utabaki na nani baada ya sisi kulipa. Bei ya kweli ya simu, pampu au trekta ya siku hizi imo ndani ya jibu la swali hilo.

Deni la kila siku, hela ya msimu

Tuanze na mkopo. Huu ni mfano tu wa kukokotoa, wewe weka namba zako. Simu inauzwa 250,000 taslimu. Kwa mkopo unaanza na 50,000, halafu 1,100 kila siku kwa mwaka mzima. Hiyo 1,100 mara 365 ni 401,500. Ongeza ile 50,000 unapata 451,500. Umelipa 201,500 zaidi ya mwenye hela mkononi.

Mimi sisemi huo ni wizi. Mwenye duka naye ana hoja: wewe huna hati ya kiwanja, huna mshahara, na yeye anakukabidhi mali yake uondoke nayo kijijini. Kufunga simu ndiyo dhamana yake. Wakenya walianza biashara hii kwa kishindo mwaka 2020, Safaricom waliposhirikiana na Google kutoa simu kwa mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, shilingi 20 za Kenya kwa siku, usipolipa inafungwa. Watu wengi ambao wasingegusa simu janja waliipata kwa njia hiyo. Hilo ni jambo jema, tusilibeze.

Ubaya ni kwamba mpango huu umeshonwa kwa kipimo cha mtu wa bodaboda na mama lishe, ambao hela inaingia kila jioni. Mkulima wa alizeti wa Kongwa anaona hela baada ya mavuno, katikati ya mwaka. Kuanzia Novemba mpaka Machi hela yake yote iko ardhini. Ukimdai kila siku katika miezi hiyo, lazima simu itafungwa, na hajakataa kulipa. Kwa hiyo nenda kama kikundi, mseme: tunataka ratiba ya malipo inayofuata mavuno yetu. Muuzaji mwenye akili atakaa chini na watu 20 wenye shamba linaloonekana. Akikataa, mchango wa kikundi kwa zamu utawafikisha. Mtakopeshana wenyewe, na hakuna atakayefungiwa simu.

Na msidhani mambo ya kufungiwa ni ya masikini peke yao. Mwaka 2022 ziliripotiwa habari za trekta na mashine za kuvunia za John Deere zilizoibwa na wanajeshi wa Urusi kwa wakala wa mji wa Melitopol, Ukraine, mali ya karibu dola milioni 5. Walipozifikisha Chechnya zikakataa kuwaka, zimefungwa kutoka mbali. Tulishangilia, mwizi kaumbuka. Lakini fikiria upande wa pili: mashine inayoweza kuzimwa kwa mwizi inaweza kuzimwa kwa mwenyewe. Huko Marekani wakulima wamelalamika miaka mingi kwamba trekta ikiharibika hawawezi kuitengeneza wenyewe, maana programu kamili ya kutambua ubovu anayo wakala tu. Januari 2025 Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliipeleka kampuni ya John Deere mahakamani kwa suala hilohilo. Trekta hizo zipo hapa Tanzania pia. Kikundi kinachotaka kununua trekta au pampu ya sola yenye malipo ya kidogo kidogo kiulize mapema: ikiharibika fundi wa Dodoma mjini anaruhusiwa kuifungua? Nikimaliza deni, kufuli linaondoka kabisa au linabaki?

Simu rahisi na paa la tembe

Sasa tuje kwenye bei ya dukani. Wengi mnasema simu ni ghali kwa sababu ya kodi. Kuna ukweli. VAT yetu ya Bara ni asilimia 18, kwa hiyo kwenye simu ya 300,000 kama shilingi 46,000 ni kodi hiyo peke yake. Mwaka wa fedha 2021/22 Serikali ilisamehe VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu. Mwaka uliofuata msamaha ukafutwa. Ninavyokumbuka mimi, katika maduka ninayonunua hapa mjini bei haikushuka hata siku moja. Ndiyo maana ninapowasikia watu wakidai msamaha urudishwe, nawaunga mkono kwa sharti: urudi pamoja na ukaguzi wa bei dukani. Msamaha unaoishia kwa muagizaji haumsaidii mtu wa Mvumi.

Lakini kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye kibandiko cha bei. Simu janja inahitaji masasisho, zile apdeti, kwa sababu kila mwezi matundu mapya yanagunduliwa na wezi wanapitia hapo. Wazee wetu wa Kigogo walilijua hili kwenye nyumba ya tembe: paa la udongo usipolikandika upya kabla ya mvua, litavuja tu, hata kama lilijengwa vizuri kiasi gani. Kampuni kubwa zimeanza kuahidi masasisho ya miaka 7 kwenye simu zao za bei mbaya. Simu za rahisi tunazonunua sisi, nyingine zinaachwa baada ya mwaka mmoja au miwili. Kwa hiyo anayeweka hela ya mavuno yote kwenye simu ndiye analala kwenye tembe linalovuja.

Umoja wa Ulaya umeshaweka kanuni. Tangu Juni 2025, simu inayouzwa kule lazima mtengenezaji aendelee kutoa masasisho kwa angalau miaka 5 baada ya kuacha kuiuza. Nauliza: TCRA na TBS wanashindwa nini kudai hata miaka 3 kwa simu zinazoingia hapa? Kudhibiti tunaweza. Juni 2016 TCRA ilizima simu feki nchi nzima na mbingu hazikuanguka. Mpaka leo ukibonyeza *#06# unapata namba tambulishi ya simu, ukiituma kwenda 15090 unajibiwa kama simu ni halali. Fanya hivyo ukiwa bado umesimama dukani, hela ikiwa bado mfukoni.

Kidole chako ni mali

Ufunguo wa tatu ni wewe mwenyewe: kidole chako, namba ya NIDA na orodha ya majina kwenye simu yako. Tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole inazimwa, na nia ilikuwa kuwabana matapeli. Wao wakatafuta njia. Unasajili laini chini ya mwavuli, unaambiwa "alama haijasoma, weka tena," kumbe umesajili laini mbili, na moja inakwenda kutuma ile ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Bonyeza *106# leo ujue laini ngapi zina jina lako. Ukiona usiyoijua, nenda kwa kampuni husika ikafungwe kabla polisi hawajakutafuta wewe. Namba ya tapeli ipeleke 15040.

Halafu kuna mikopo ya mitandaoni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Zile ndizo unazipa ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu, na ukichelewa kulipa mkweo anatumiwa ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na tuna Tume yake. Mtu akikudhalilisha hivyo, una mahali pa kulalamika. Msikae kimya kwa aibu.

Na sisi maafisa ugani tujiseme. Wengi wetu tumewahi kuandikisha wakulima kwa kutumia namba zetu za simu kwa sababu mkulima hana simu. Tulifanya kwa nia njema. Lakini ujumbe wenye namba ya mkulima unapoingia kwenye simu yangu, ufunguo wa mbolea yake ninao mimi. Mwaminifu leo, kesho nimehamishwa au simu imeibwa. Hata mimi usiniachie.

Basi turudi kwenye kitochi?

Kuna mzee mmoja huwa ananiambia, "Bwana shamba, sisi tumelima na vitochi miaka yote, mnatuletea balaa." Namheshimu, na kwa kuweka hela kitochi kina usalama wake, maana hakuna programu ya kupakua. Lakini kijana anayelima kibiashara anataka kujua bei ya Kibaigwa kabla gari halijaondoka, na anataka kunionyesha picha ya jani leo, siyo wiki ijayo. Na kitochi hakimzuii tapeli anayekupigia akajifanya ni mtu wa huduma kwa wateja. Kurudi nyuma siyo dawa. Wanaotumia simu janja tugawe: laini ya hela iwe kwenye kitochi kinachobaki nyumbani, na simu janja ibaki ya mawasiliano na picha. Gharama ya kitochi cha pili ni ndogo kuliko debe chache za alizeti.

Wiki hii fanyeni haya: nakili majina ya wanunuzi wote kwenye daftari, bonyeza *106#, badilisha namba ya siri kama kuna mtu mwingine anaijua, hata wakala wako wa siku zote, futa programu yoyote ya mkopo usiyoijua mwenyewe ni nani. Na kabla ya kununua kifaa chochote kwa mkopo, soma masharti yote. Usipoelewa, niletee tusome wote, safari hii nitasoma mpaka mwisho.

Yule kijana amemaliza deni. Simu imefunguka. Namba za wanunuzi ziko kwenye daftari la gamba gumu, limening'inizwa ukutani karibu na bomba la kupulizia dawa. Mavuno ya Februari aliuza kwa mnunuzi wake wa mjini. Ile 540,000 haijarudi, na sidhani kama itarudi.