UAMINIFU SI BIASHARA



Leo nazungumza na vijana wetu wa Eastlands wanaocheza mpira, kutoka Dandora hadi Jericho, na wazazi wao pia. Fungua Biblia yako Danieli 3:16-18, usome polepole, kisha urudi hapa.

Umesoma? Basi tuendelee.

Wengi wenu mnamjua Dennis Oliech. Ninyi wadogo labda mmemsikia tu baba zenu wakimtaja. Alizaliwa hapa Nairobi mwaka wa 1985, na akaanza kuvuma akiwa Mathare United, timu iliyotokana na MYSA, kile chama cha vijana wa Mathare ambacho timu zake hupata pointi za ligi hata kwa kusafisha mtaa. Mwaka wa 2003, akiwa na miaka 18 tu, alifunga bao lililoiangusha Cape Verde hapa Nairobi na kuipeleka Harambee Stars kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 2004 kule Tunisia. Tulipigwa na Mali, tukapigwa na Senegal, lakini tukaichapa Burkina Faso 3-0, na Oliech akafunga moja. Huo ndio uliokuwa ushindi wa kwanza wa Kenya katika mashindano hayo.

Sasa sikiliza. Siku hizo kijana huyu alikuwa amechukuliwa na Al-Arabi ya Qatar. Ilikuwa enzi ambapo Qatar inatafuta wanamichezo kila mahali. Mwaka wa 2003 Stephen Cherono wetu alichukua uraia wao, akawa Saif Saaeed Shaheen, na mwaka huo huo akawashindia dhahabu ya dunia jijini Paris katika mbio za kuruka viunzi na maji. Simhukumu, kila mtu anajua mzigo wa nyumba yake. Iliripotiwa sana wakati ule kwamba Oliech naye alitakwa abadilishe uraia. Akakataa. Aliendelea kufanya kazi kwao, akalipwa mshahara wake halali, lakini jezi ya taifa akabaki na ya Kenya.

Tungependa hadithi iishie hapo, halafu niwaambie, "Mmeona? Alikuwa mwaminifu, Mungu akamlipa mara mia!" Mngeandika Amina nyingi sana.

Lakini ukweli ni huu. Baada ya Tunisia, Kenya ilikosa 2006, 2008, 2010, 2012, 2013, 2015 na 2017. Mashindano saba! Tuliporudi mwaka wa 2019, Oliech hakuwa tena kwenye kikosi. Mtu aliyeifungia nchi yake mabao zaidi ya 30 alicheza Kombe la Mataifa mara moja tu, akiwa kijana wa miaka 19. Huko Ufaransa alichezea Nantes, Auxerre na Ajaccio, na akiwa Auxerre alifika Ligi ya Mabingwa, kundi moja na Real Madrid na Milan. Kwa klabu alipanda. Kwa taifa, alisubiri gari ambalo halikuja.

Je, alikosea kukataa? Mimi nasema hapana. Hapa ndipo nataka tubishane kidogo, mpendwa.

Tumefundishwa, na sisi wachungaji tumechangia, kwamba uaminifu ni kama mbegu: panda leo, vuna kesho, na mavuno yasipokuja, ujue kuna mahali ulikosea. Lakini wale vijana watatu mbele ya tanuru hawakusema hivyo. Walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa, sanamu hawataisujudu. Hawakuweka masharti. Jibu lao lilikuwa tayari kabla hawajajua moto utawafanya nini.

Bendera si Mungu, nielewe vizuri. Sizungumzii pia wokovu wa Oliech, hilo ni lake na Mungu wake. Nazungumzia moyo ambao umeshaamua ni nini hakiuzwi.

Kwa sababu wewe Qatar haitakupigia simu leo. Atakayekupigia ni mtu wa hapa hapa. Atamwambia mama yako, "Huyu kijana ana miaka 19, tumwandikie 16 aingie timu ya watoto, atoke haraka." Mwingine atakuja na bahasha jioni kabla ya mechi, akuombe ukose penalti moja tu. Mnakumbuka Februari 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wa Kenya kwa kupanga matokeo. Sidhani kuna mtoto anayeanza mpira akiwa na mpango huo. Pengine ilianza na kodi ya nyumba, na landilodi mlangoni.

Najua utasema, "Pastor, njaa haili maandiko." Kweli. Ndiyo maana nawaomba wazazi na kanisa: tusimwache kijana peke yake na ile bahasha. Tujue kodi yake imefika wapi. Tuende kumwona akicheza Koth Biro pale Ziwani, si kusubiri aumie goti ndipo tumwite kwenye maombi. Na wewe mama, ukimdanganyia mtoto umri, umemfundisha kwamba jina lake halisi halitoshi. Mithali 22:1 inatuambia jina jema lina thamani kuliko utajiri.

Mshambuliaji hucheza miaka kumi, kumi na tano akibarikiwa. Jina ataishi nalo hadi kaburini.

Kijana, amua leo ni nini hakiuzwi kwako, kabla bei haijatajwa. Ikishatajwa, akili hupiga hesabu haraka sana.

TUOMBE: Baba, wape vijana wetu miguu myepesi na mioyo mizito. Wakilipwa, wasikusahau. Wasipolipwa, wasikuache. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama una kijana anayecheza mpira, andika jina lake la kwanza hapa chini tumwombee kwa jina. Kisha mtumie ujumbe huu. Mbarikiwe.