Kisa cha Village Market kilivyoipima Mahakama mpya

Mkesha wa Mwaka Mpya, Desemba 31, 2011, Naibu Jaji Mkuu Nancy Baraza aliingia katika jumba la biashara la Village Market, Gigiri, jijini Nairobi, na kumpita mlinzi wa kike aliyetakiwa kumkagua. Mlinzi huyo alilalamika kwamba alipomfuata, alifinywa pua na kutishwa kwa bastola.

Zamani kisa kama hicho kingezimwa kabla ya jua kuchwa. Safari hii Tume ya Huduma za Mahakama ilichunguza lalama hizo, jopo likaundwa chini ya Augustino Ramadhani, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, na Agosti 2012 likapendekeza Bi Baraza aondolewe. Alijiuzulu Oktoba.

Uzito wa tukio hilo huonekana ukirejea 2003. Serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki iliahidi kuisafisha Mahakama, na kamati ya Jaji Aaron Ringera ikawataja majaji 23 na mahakimu 82 kuwa hawafai. Majina yalianikwa magazetini. (Philip Waki, mmoja wao, aliondolewa lawama na jopo, akaja kuongoza tume iliyochunguza ghasia za uchaguzi wa 2007.) Ulikuwa mshindo mkubwa, lakini waliondoka watu, utaratibu wa kazi ukabaki. Faili ziliendelea kupotea, na upinzani ulipokataa matokeo ya 2007 ulisema wazi kwamba hauna imani na korti. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa.

Chini ya Katiba ya 2010, Willy Mutunga na Bi Baraza walihojiwa hadharani kabla ya kuapishwa Juni 2011. Nywele za bandia zikavuliwa. Hayo yalikuwa mavazi tu, na karani wa masjala angeweza kuyapuuza. Ambalo hangeweza kulipuuza ni kumwona mkubwa wake, wa pili kwa cheo, akiitwa kujieleza kwa malalamiko ya bawabu.

Mwaka wa 2013 Raila Odinga alipeleka malalamiko yake ya kura katika Mahakama ya Juu, katikati ya jiji. Alishindwa, akasema atauheshimu uamuzi huo. Septemba 1, 2017, mahakama hiyo ilifuta uchaguzi wa urais.

Kwenye masjala, mambo yalikwenda mwendo wa kobe. Mfumo wa kuwasilisha kesi kwa mtandao ulianzishwa Nairobi Julai 2020, na malalamiko ya hongo hayajakoma.