Santuri za Lebo Moja: Maktaba Tunayoiuza kwa Rejareja

Mnamo mwaka wa 2022, santuri za vinili ziliuzwa kwa wingi kuliko CD nchini Marekani kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa 1987. Chama cha kampuni za kurekodi muziki nchini humo kilihesabu santuri zipatazo milioni 41 dhidi ya CD milioni 33 hivi. Kwa yeyote aliyedhani kwamba santuri ilizikwa pamoja na gramafoni ya babu, hizo ni habari za kustaajabisha. Lakini kwetu sisi Wakenya kustaajabu pekee hakutoshi. Soko linapofufuka ng'ambo, macho ya wanunuzi hayaishii kwenye bidhaa mpya zinazotoka viwandani. Hutafuta pia vikuukuu. Na vikuukuu vyenyewe viko kwetu, katika maduka ya River Road, katika masanduku yaliyosahauliwa uvunguni mwa vitanda, na katika makabati ya wazee waliokuwa vijana wakati Jamhuri ilipozaliwa.

Hoja ninayokusudia kuitoa ni hii: santuri hizo, hasa zikikusanywa kwa utaratibu wa lebo moja moja, ni hati za historia ya Kiswahili, na vyuo vyetu vimewaachia wafanyabiashara na wapenzi wa muziki kazi ambayo kwa haki ni yao.

Kwanza tufafanue maana ya kukusanya kwa lebo. Watu wengi hukusanya nyimbo wazipendazo, au kazi zote za mwimbaji mmoja. Yupo hata hivyo mkusanyaji wa aina nyingine, ambaye huichagua kampuni moja iliyorekodi na kutoa santuri chini ya nembo yake, kisha akazitafuta zote: zilizovuma na zisizovuma, za mabingwa na za mwimbaji aliyeingia studioni mara moja tu asisikike tena. Mwongozo wake ni nambari ambazo kampuni ilizipiga chapa kwenye karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya sahani. Akiwa na nambari moja na ya tatu yake, anajua kwamba kuna ya pili anayodaiwa. Jirani zake huenda wakamwona mtu wa mzaha. Mtafiti hamwoni hivyo, kwa kuwa anayekusanya nyimbo zilizovuma pekee anahifadhi kumbukumbu za wapenzi wake, ilhali anayekusanya mfululizo mzima anahifadhi hali ya wakati wenyewe, pamoja na mambo ambayo wakati huo uliyadharau.

Tuchukue mfano wa Equator, lebo ya studio ya Equator Sound ya Nairobi, iliyoendeshwa na Charles Worrod tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni lebo iliyowakusanya chini ya dari moja watu wa asili mbalimbali. Palikuwepo na Fadhili William, Mtaita. Daudi Kabaka, Mluhya aliyezaliwa Uganda. Gabriel Omolo, Mjaluo. Pamoja na Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi, waliotoka nchi iitwayo leo Zambia. Lugha zao za mama zilikuwa mbalimbali, ila Kiswahili kiliwaunganisha wote mbele ya maikrofoni moja. Nchi ilikuwa inapata uhuru, mji ulikuwa unajaa wageni kutoka kila pembe, na lugha ya mji ilikuwa inaundwa siku hizo hizo.

Je, Kiswahili cha Nairobi cha mwaka wa 1963 kilitamkwaje? Vitabu vya sarufi havitujibu, maana vilieleza lugha ilivyopaswa kuwa. Magazeti nayo yalipita mikononi mwa wahariri waliosahihisha upatanisho wa ngeli kabla ya kuchapa. Santuri haikuwa na mhariri wa namna hiyo. Ikiwa mwimbaji alilegeza ngeli, alivuta irabu kwa lafudhi ya kwao, au alitia neno la Kiingereza na kulivisha kiambishi cha Kiswahili, sindano ililichora jambo hilo kwenye mfuo na likabaki hapo. Mwanaisimu jamii atakayezipanga santuri za lebo kama Equator kwa nambari zake, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, ataweza kuifuata lugha hiyo ikikua mwaka baada ya mwaka. Kwa nyimbo kumi mashuhuri hataweza, kwa kuwa nyimbo kumi hazina mwendo. Ni picha kumi zilizotawanyika.

Lebo nyingine za zama hizo zinatupa ushahidi wa aina tofauti. Huko Mombasa, duka la Assanand na Wanawe lilitoa santuri za taarab kwa lebo ya Mzuri, na humo mnasikika lahaja ya Kimvita kutoka vinywani mwa wenyewe. Ikumbukwe kwamba mwaka wa 1928, wajumbe waliokutana mjini humo humo Mombasa waliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka huo huo Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya HMV. Basi usanifishaji na santuri vilianza safari pamoja, kila kimoja kikishika njia yake: kimoja kilipunguza tofauti, kingine kikazihifadhi.

Mwalimu anaweza kumwambia mwanafunzi kwamba Mmvita husema mtele kwa mchele na nti kwa nchi, hayo huandikika. Lakini paa wa mwituni na paa la nyumba, kaa wa pwani na kaa la moto, katika Kimvita hutofautishwa kwa mpumuo, na tahajia yetu sanifu haiuandiki mpumuo huo. Anayeitafuta tofauti hiyo kitabuni ataikosa hata akipekua kurasa zote. Diwani ya Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir, iliyochapishwa mwaka wa 1971, inajulikana na walimu wengi wa ushairi. Lakini jamaa yake Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyeziimba tungo za mshairi huyo, ndiye anayetusikilizisha jinsi lugha hiyo inavyotamkwa. Kitabu na santuri ni ndugu, nasi tumemsomesha mmoja tu.

Yamkini msomaji atauliza: kwani nyimbo hizi hazipatikani siku hizi kwenye mtandao wa intaneti, bure bilashi? Baadhi zinapatikana, tena ni jambo la heri. Ila zinazopandishwa huko huchaguliwa kwa umaarufu, na mara nyingi hupandishwa bila lebo, bila nambari, na bila upande wa pili. Santuri ya inchi 7 inayozunguka mara 45 kwa dakika ilibeba dakika tatu au nne tu kila upande. Kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa sehemu mbili, ya kwanza upande A na ya pili upande B. Mwanafunzi anayechambua sehemu ya kwanza peke yake anachambua kisa kisicho na mwisho. Aidha, mashine ikizunguka kasi kidogo kuliko inavyostahili, sauti hupanda. Na mtafiti anayepima kiimbo kutokana na nakala ya namna hiyo atapima kosa la mashine akidhani ni tabia ya mwimbaji.

Pana pia suala la nani alitunga nini. Wimbo wa Malaika umeimbwa na Miriam Makeba, ukatiwa katika santuri aliyoitoa pamoja na Harry Belafonte mwaka wa 1965, ukaimbwa na Boney M mwaka wa 1981, na Angélique Kidjo mwaka wa 1991. Fadhili William alijulikana kuwa ndiye mwenyewe, lakini wapo waliodai kwamba mtunzi ni Adam Salim. Santuri ya kale haiwezi kuikata kesi hiyo, kwa sababu jina lililoko kwenye lebo linatuambia tu kampuni iliandika nini, wala si lazima liwe kweli yote. Hata hivyo mfululizo kamili wa lebo unampa mchunguzi mpangilio: nani alirekodi kabla ya nani, jina la mtunzi lilibadilika lini, na toleo lipi lilitangulia. Bila mfululizo huo tunabaki na masimulizi yanayopingana, kila upande ukivutia kwake.

Jambo hili si la wanahistoria peke yao, kwa maana lina fedha ndani yake. Mwaka wa 1968 kundi la The Tremeloes la Uingereza liliurekodi wimbo wa Helule Helule wa Daudi Kabaka, ukavuma huko. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inazilinda rekodi za sauti kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka zilipofanywa. Lakini maneno na muziki hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Maana yake ni kwamba rekodi ya mwaka wa 1965 haina tena ulinzi wa kampuni, ilhali utungo uliomo ndani yake ungali mali ya mtu. Fadhili William na Daudi Kabaka wote wawili walifariki mwaka wa 2001. Kwa hiyo tungo zilizo zao zinalindwa hadi mwisho wa mwaka wa 2051. Warithi wa mtunzi asiyejulikana, ambaye santuri yake moja imekwenda ng'ambo na hakuna aliyeiorodhesha hapa, watadai haki kwa ushahidi gani?

Nisieleweke kwamba nawalaumu wanunuzi wa nje. La hasha! Kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa imetoa mfululizo wa Zanzibara, ambao juzuu yake ya pili ni taarab ya Mombasa ya miaka ya 1965 hadi 1975. Soundway ya London ilitoa mkusanyiko wa Kenya Special mwaka wa 2013. Kazi hizo zimeokoa mengi ambayo mchwa, vumbi na joto vingeyamaliza. Wala siwalaumu wachuuzi wetu, kwani mtu huuza alichonacho ili ale. Lawama, kama ipo, ni ya taasisi zilizokuwa na wataalamu, maktaba na bajeti, lakini zikaona kwamba kilichopigwa chapa kwenye karatasi ni elimu na kilichochorwa kwenye vinili ni starehe. Kila sahani inayoondoka peke yake inaacha pengo katika mfululizo, na pengo hilo halizibiki kwa urahisi, maana santuri nyingi zilitolewa kwa nakala chache na studio nyingi hazikutunza kanda zake za asili.

Tufanye nini basi? Kuanzisha hifadhi moja kubwa ya muziki wote wa Kenya ni ndoto njema, lakini ndoto kubwa huchelewa. Napendekeza kazi ndogo inayoweza kuanza muhula ujao: kila chuo kikuu kichague lebo moja. Kimoja kichukue Equator, kingine Mzuri, kingine lebo mojawapo ndogo za River Road. Idara za Kiswahili, muziki na maktaba zishirikiane kuandaa orodha ya nambari, picha ya kila lebo, nakala ya sauti ya pande zote mbili katika kasi iliyo sahihi, na maandishi ya maneno yote yanayoimbwa. Pasipopatikana fedha za kununua sahani, mwenye nayo aombwe aikopeshe kwa siku moja tu, inakiliwe, arudishiwe na jina lake liandikwe. Wakusanyaji binafsi waitwe vyuoni waheshimiwe kama wataalamu, kwa kuwa wengi wao wanajua habari ambazo hazimo katika tasnifu yoyote.

Walimu wa shule za sekondari nao wana nafasi yao. Isimu jamii hufundishwa mara nyingi kwa mifano ya kubuni: mazungumzo ya sokoni, mazungumzo ya hospitalini, yaliyoandikwa na mwalimu mwenyewe usiku wa kuamkia somo. Wimbo wa mwaka wa 1964 una lugha ya kweli iliyotumiwa na watu wa kweli kwa hadhira ya kweli. Mwanafunzi akitumwa likizoni akaulize nyumbani kama ipo santuri ya zamani, akaandika jina la lebo, nambari, jina la mwimbaji na lugha iliyotumika, atakuwa amefanya utafiti wa nyanjani kabla hajaufikia mlango wa chuo kikuu. Na huenda babu au bibi, akiulizwa, akakumbuka wimbo uliimbiwa nani na kwa sababu gani. Maelezo hayo hayakuandikwa kwenye lebo yoyote, na wenye kuyajua wanapungua kila mwaka.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Santuri zetu ni mali, na daftari lake halijaandikwa. Soko la dunia limekwisha kutuambia kwamba vitu hivi vina thamani. Halitatungoja mpaka tumalize kujadiliana kama ni kweli. Mkuu wa idara anayesoma makala haya anaweza kuitisha kikao wiki hii, akauliza swali moja tu: lebo yetu ni ipi?