Maumivu ya tumbo hayangoji asubuhi

Mkaaji wa Migosi, hapa Kisumu, ana bahati ambayo wengi wa ukanda wa Ziwa hawana. Si mbali na mlango wake ipo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji wangali wakiiita "Russia" kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa mwaka 1969. Humo wamo madaktari wapasuaji. Hata hivyo, ukaribu wa hospitali haumfai kitu mgonjwa anayecheleweshwa, na katika shule za bweni ucheleweshaji huo mara nyingi huanzia shuleni kwenyewe.

Mwanafunzi akilalamikia tumbo wakati wa masomo ya jioni, hudhaniwa upesi kuwa anakwepa kazi. Hupewa tembe mbili za kutuliza maumivu, akaambiwa akalale. Maumivu yakizidi, husemwa kuwa ni malaria au homa ya matumbo, maradhi ambayo kwa kweli yamezoeleka kandokando ya Ziwa. Kipimo cha damu cha Widal nacho huweza kuonyesha alama za homa ya matumbo iliyokwisha kupona zamani. Hivyo mtoto huanzishiwa dawa ya ugonjwa asio nao, na ule alio nao hupata nafasi ya kukomaa.

Tuchukue mfano wa ugonjwa wa kidole tumbo. Kwa kawaida maumivu huanzia karibu na kitovu, kisha baada ya saa kadhaa huhamia chini, upande wa kulia. Mgonjwa hukosa hamu ya chakula, hutapika, na hata kukohoa humuumiza. Siku moja na nusu ikipita bila ya tiba, hatari ya kidole hicho kupasuka na kumwaga usaha tumboni huongezeka. Utumbo uliojisokota au uliobanwa na ngiri huweza kufa kwa muda mfupi kuliko huo. Msichana ambaye mimba yake imetunga nje ya mji wa mimba huweza kuvuja damu ndani kwa ndani hadi kufa, huku wakubwa wakijadili nidhamu yake.

Daktari hutambua mengi kwa kuuliza na kupapasa tumbo kabla ya kutegemea mashine. Swali lake la kwanza ni hili: maumivu yalianza lini, na wapi? Mwalimu aliyeiandika saa hiyo amemsaidia sana. Zamani iliaminika kuwa dawa ya maumivu humficha daktari ugonjwa. Utafiti umeonyesha kuwa mgonjwa aliyekwisha kufika hospitalini aweza kupewa bila ya kuharibu uchunguzi. Hatari imo katika tembe ya bwenini, inayompa mwalimu sababu ya kungoja kuche.

Lipo pia suala la fedha. Mpango wa EduAfya, ulioanzishwa mwaka 2018 kuwagharimia wanafunzi wa shule za upili za umma, ulikoma mwishoni mwa mwaka 2023. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya NHIF, matibabu ya mwanafunzi yametegemea usajili wa mzazi wake. Haifai suala hilo kuulizwa usiku wa manane, mtoto akigaagaa. Kila shule na ihakikishe siku ya kufungua muhula kuwa wazazi wamejisajili.

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mwanafunzi huyu hakuficha, alisema, asisikizwe. Ni kweli kwamba wapo wanaojisingizia ugonjwa, ila hasara ya kudanganywa na mmoja ni nauli tu. Kwa hiyo kila shule iwe na kanuni: mtu aliyekuwa mzima akiumwa vikali na tumbo kwa saa sita, apelekwe hospitali, usiku au mchana. Tumbo likiwa gumu, au mgonjwa akitapika mfululizo au kuzirai, saa hizo sita zisingojwe. Njiani asilishwe chakula wala asipewe dawa ya kuharisha.